Mbawakawa wa Droo ya Kumi na Saba

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mtambuzi wa wadudu alimtoa mbawakawa mdogo wa kahawia kwenye kopo, akamweka chini ya lenzi, akafungua kitabu chake cha utambuzi. Kitabu hicho huuliza maswali, na kila jibu hukupeleka kwenye swali jingine mpaka ufike kwenye jina. Ana mabawa magumu? Nenda la nane. Vipapasio vifupi? Nenda la thelathini. Anavuta mguu wa kushoto? Nenda la sitini na moja. Humwona kila mtu amekonda? Basi ni shangazi yako.

Mtambuzi akarudia mara tatu. Akamwita mwenzake wa meza ya vipepeo, naye akafika palepale. "Ndiye shangazi yako huyu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Shangazi ndiye aliyemlea, na alikuwa na miaka tisa kaburini.

"Umekonda," akasema mbawakawa. "Hapa hawakupi chakula?"

Sasa, bonde alikotoka mbawakawa huyo lilikuwa lipulizwe dawa Alhamisi, wafe mbu na kila chenye miguu sita. Lingesalimika kwa njia moja tu: aandikishwe mdudu asiyepatikana kwingine. Mtambuzi akajaza fomu mbiombio. Kipengele cha tisa kikamkata maini: mdudu awe amekufa na amepigwa pini, la sivyo hatambuliki.

"Mko wangapi kule, shangazi?"

"Wa aina yangu ni mimi tu. Lakini kuna panzi, kuna nyuki, kuna kereng'ende ana watoto wadogo. Majirani wazuri sana."

Akamwendea mkuu wake, mtu mpole asiyependa makelele, akaambiwa fomu ni fomu. Siku mbili akawa anashika pini na kuiweka chini, anashika na kuiweka chini, hajui kipi ni kipi.

"Wee mtoto, usinichoshe," shangazi akasema Jumatano jioni. "Nimeshakufa, hii ya pili hainitishi. Fanya hima, watu wana watoto kule."

Mtambuzi akampiga pini huku analia, akaandika tarehe, akamweka droo ya kumi na saba, akapeleka fomu.

Alhamisi asubuhi jibu likaja, limegongwa muhuri. Hongera, spishi mpya imetambuliwa. Na kwa kuwa mmoja pekee aliyekuwepo sasa yuko droo ya kumi na saba, bondeni hakuna tena wa kulindwa, kwa hiyo dawa ipulizwe kama ilivyopangwa. Mtambuzi akaisoma barua kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Saa nne magari ya dawa yakapita chini ya dirisha.

Mpaka leo hajui alikosea wapi, na hakuna wa kumuuliza. Kila asubuhi akiivuta droo, shangazi hugeuza vipapasio kumtazama, pini mgongoni.

"Majirani hawajambo kule?"

"Hawajambo, shangazi. Wanakusalimu."