Dhamana ya Bi Eduviges

Katika uwanja wa kanisa la Altar, mji wa mwisho wa maana kabla ya jangwa la mpakani, bidhaa zimepangwa kwa utaratibu unaopendeza macho. Upande wa mashariki kuna galoni za maji, nyeusi zote ili zisimetemete juani. Katikati vidonge vya chumvi. Na magharibi meza za viatu vya zulia. Hivi huvaliwa juu ya viatu vya kawaida ili mchanga usishike nyayo, kwa maana walinzi wa mpaka wa upande wa pili huburuta matairi barabarani kila jioni, wakalisawazisha vumbi, na asubuhi hurudi kulisoma kama gazeti.

Mshonaji bora alikuwa Bi Eduviges Murrieta. Juu ya meza yake palitundikwa kibao: "Ukionekana unyayo, rudisha viatu upewe vipya." Kwa miaka kumi na mmoja hakurudi hata mteja mmoja, naye aliihesabu hiyo kuwa sifa. Jirani yake, Nabor, alishona kwa uzi dhaifu, na soli zake zilibanduka siku ya pili.

"Nabor, hivi umevishona au umeviombea tu vishikane?"

"Nimeviombea, Bi. Kanisa si lile pale?"

Mwana wa pekee wa Bi Eduviges, Crisanto, niliyemfundisha hesabu miaka minne bila mafanikio, aliamua kuvuka mpaka. Bi Eduviges hakumzuia, alimshonea. Alikata zulia la sebuleni, lenye mawaridi mekundu, akapiga mishono mara tatu.

"Mawaridi, mama?"

"Nani atakuona? Si ndiyo kazi ya viatu hivi?"

Waliondoka watu tisa. Siku ya tano mvushaji aliyelipwa kuwaongoza alirejea peke yake, kofia mpya kichwani.

"Wengine wamefika, Bi. Crisanto aliteguka mguu wa kulia. Tulimwacha kivulini na yule Mguatemala, Anselmo, wakiwa na maji kidogo. Sasa watu wote wasubiri kifundo cha mtu mmoja?"

Bi Eduviges aliwapigia simu watu wa ng'ambo wanaojitolea kutafuta waliopotea. Nilisimama kando yake nikimshikia karatasi ya namba, nikasikia yote.

"Amevaa viatu gani, mama?"

"Vya zulia. Vyangu." Hata hapo aliinua kidevu. "Nimeshona mara tatu."

"Soli yake inaacha alama gani?"

"Haiachi alama."

"Hata ya kisigino?"

"Nimekwambia nimeshona mimi."

Ile sauti ikasema taratibu, "Basi, mama, tufuate nini?"

Alikaa juu ya lundo la mazulia. Kwa miaka kumi na mmoja jibu lilikuwa limetundikwa juu ya meza yake. Siku ile ndipo alipoulizwa swali.

Siku mbili hakushika sindano. Siku ya tatu simu ililia: Crisanto yu hai. Walikuta nyayo za mguu wa kushoto tu, zikirukaruka kutoka kwenye kile kivuli hadi kwenye birika la ng'ombe, na mwenyewe amelala ubavuni mwa birika. Wenye ng'ombe hao walimkabidhi kwa walinzi, walinzi wakamtibu, wakamwandika, wakamrudisha kwenye lango la mpaka kwa utaratibu kamili.

Alipofika, midomo imepasuka, mama yake alimshika uso kwa mikono miwili. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akatazama miguu. Wa kulia ulikuwa na kiatu cha zulia la kijivu. Wa kushoto ulikuwa na kiatu cha kawaida tu.

"Hiki cha nani?"

"Cha Nabor. Cha kushoto kilibanduka siku ya pili."

"Na mawaridi?"

"Niliona haya, mama. Tulibadilishana viatu na Anselmo garini. Yeye alivipenda. Alisema vinafanana na blanketi la kwao."

"Anselmo yuko wapi?"

Crisanto alitazama kile kiatu. "Aliniachia maji yake, akaenda kutafuta mengine. Hakurudi, ndipo nikaruka kumfuata. Wamemtafuta. Wanaona nyayo zangu tu."

Bi Eduviges alikiteremsha kibao. Kisha akavuka hatua nne zinazotenganisha meza mbili.

"Nabor, unatumia uzi gani?"

Nabor alidhani ni utani ule ule. "Ule wa maombi, Bi."

"Nipe niuone."

Aliuvuta vidoleni, ukakatika. Akauvuta tena, ukakatika tena.

"Naununua wote."

Tangu siku hiyo viatu vya Bi Eduviges hubanduka siku ya pili, na yeye humweleza kila mteja hivyo, na sababu yake, bila kuulizwa. Wateja, ambao ni watu wanaojali ubora, humsikiliza kwa adabu, kisha huvuka zile hatua nne. Kwa maana Nabor, baada ya kuishiwa uzi dhaifu, alilazimika kununua ulio imara, na wiki iliyofuata akakiomba kile kibao. Sasa kimetundikwa kwake, na mpaka leo hakuna aliyerudi kulalamika.