Bunduki ya Darini

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mke wangu Bayan asema hasira zangu ni kama maziwa jikoni: zafura upesi, zamwagika, kisha abaki yeye na kitambaa cha kufutia. Basi mwaka ule wa tisini na sita maziwa yalimwagika sana, na yote kwa ajili ya bunduki.

Lakini kwanza nimtaje mamangu, maana bila yeye nisingekuwa na haja ya bunduki. Mamangu, Bi Afaf, alipatwa na kiharusi baada ya Idi. Upande wa kushoto ukalegea, mkono na mguu. Akili ilibaki kamili na ulimi ulibaki ule ule, alhamdulillahi, kwa kuwa ulimi wake ndio ulioiendesha nyumba yetu tangu babangu yu hai.

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, kichochoro cha pili nyuma ya Ngome ya Yesu. Juu kabisa haina bati, ina sakafu wazi yenye vikuta pembeni, na hapo twapaita darini. Darini ni kwa wanawake. Alasiri hupanda wakaanika nguo, wakachambua mchele, wakasukana, wakapiga gumzo na majirani wa dari nyingine, buibui zimewekwa kando na vichwa vi wazi. Mwanamume hapandi ovyo. Akiwa na haja, husimama ngazini akapaza sauti: "Mwanamume apanda! Jisitirini!" Kisha hungoja. Mimi nimezaliwa nyumba ile, na tangu nibaleghe sijapanda hata siku moja bila kupaza sauti.

Baada ya kiharusi, darini ndiko kulikokuwa dunia ya mamangu. Bayan na jirani yetu Bi Ketty, ambaye nyumba yake imegusana na yetu, walimshika huku na huku wakampandisha, wakamketisha kwenye kiti cha mikono. Hapo alipata jua, akapata watu wa kuwakosoa. Rangi ikaanza kumrudia.

Siku moja Bayan alishuka kuchukua maji ya kunywa. Kunguru akatua juu ya kichwa cha mamangu. Akamdonoa utosini, akavuta mtandio, akadonoa tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kiti asije akaanguka, na wa kushoto haukuinuka. Alipiga kelele, na Bayan alipofika juu alimkuta damu yamchuruzika sikioni na kunguru yuko ukutani, hana habari.

Jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Lakini usiku ule mamangu aliniita chumbani kwake akaniambia, "Zein, kunguru hatui juu ya kitu kizima. Ameniona mimi mzoga. Yule yuwajua."

"Astaghfirullah, mama! Ni ndege tu, tena mwizi."

"Yuwajua," akasema, akageukia ukuta.

Tangu siku ile hakukubali kupanda. Alikaa chumba cha chini ambacho hata saa sita mchana chataka taa. Uji akauacha nusu, kisha akauacha wote. Wageni wakija, akamwambia Bayan awaambie amelala. Daktari alisema hana ugonjwa mpya, anahitaji jua na watu, na kama atakaa hivyo hataumaliza mwaka. Wallahi nilitoka pale nimefura. Mamangu, aliyeninyosha mimi na ndugu zangu watano kwa jicho moja tu, ananifia gizani kwa sababu ya kunguru. Kunguru!

Ndipo nikaamua kununua bunduki ya upepo na kuwamaliza.

Hata ya upepo yataka kibali. Nilikwenda polisi nikarudi, nikaenda nikarudi, mpaka askari wa zamu akawa aniuliza hali ya mama kabla sijaketi. Kibali kilipotoka nilifunga duka langu la vipuri vya baiskeli pale Makadara, nikaenda kwa Lewis, mtu wa Rabai mwenye duka dogo la bunduki na ndoana upande wa mjini. Lewis ni mtu mpole, hana maneno mengi. Akaniletea bunduki mpya ndani ya sanduku lake. Unaukunja mtutu kama unayevunja muwa, unatia kijipande cha risasi kidogo kama punje ya choroko, unakunjua, unafyatua. Nikaipenda pale pale.

Nyumbani nikaifungua mbele ya Bayan kwa madaha. Akasema, "Mbona ina mkwaruzo?"

Nikaangalia. Kweli, kwenye kitako palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kidole. Kitu kipya! Damu ikanipanda. Kisha nikajaribu kifyatulio, kikawa kigumu kama kitasa cha mlango wa zamani. Nikaanza kumtaja Lewis na ukoo wake, Bayan akaninyamazisha. "Mkwaruzo hauzuii kupiga, Baba Akil. Itie mafuta."

Na hapo ndipo nilipojiharibia mwenyewe. Kwetu kisiwani hewa ya chumvi hula kila kitu. Komeo, cherehani, mbuzi ya kukunia nazi, chochote cha chuma kikiingia nyumbani kipya hupakwa mafuta ya nazi kwanza, na kwetu hata hufukizwa ubani. Mamangu alifanya hivyo, na mamake kabla yake. Basi nikafanya, tena si kwa uchoyo. Nikapaka nje, nikatia ndani ya mtutu, nikatia kila tundu nililoliona. Bunduki ikang'aa mpaka ule mkwaruzo ukapotea.

Kesho yake alasiri nikasimama ngazini. "Mwanamume apanda! Jisitirini!" Nikasikia vishindo vya wanawake na mlango wa Bi Ketty ukifungwa. Nikapanda. Kunguru walikuwa wamejipanga juu ya kibanda cha ngazi, wananitazama kama mahakimu. Nikalenga yule wa katikati, bismillah, nikafyatua.

Paa! Ule haukuwa mlio wa bunduki ya upepo. Ulikuwa mlio wa baruti, masikio yakaniziba. Moshi ukatoka mtutuni, na risasi ikapiga sufuria ya Bayan iliyokuwa imeanikwa kule pembeni kabisa. Kunguru wote wakaruka wakipiga makelele. Kisha ikaja harufu. Nazi inayoungua!

Sauti ya Bi Ketty ikatoka nyuma ya mlango wake. "We Zein, wawinda au wakaanga mahamri?"

Nikapiga tena, na tena. Kila mara mshindo na moshi, na kila risasi yenda itakako: moja juu, moja kando, moja sijui ilikokwenda mpaka leo. Kunguru walizunguka juu ya nyumba yetu wakipiga kelele, kisha wakahamia kwa mbali. Sikumgusa hata mmoja unyoya. Nikashuka nimetoka jasho, kanzu imejaa mafuta, na mamangu chumbani akauliza kwa sauti dhaifu, "Umempiga?"

"Bado, mama."

Akageukia ukuta. Ule mgongo wake uliniuma kuliko maneno yote aliyowahi kunitupia.

Nikaenda kwa Lewis nimeishika bunduki kama mtoto mwizi aliyekamatwa. Salamu yenyewe nilitoa nusu. Nikamwaga yote: mkwaruzo, kifyatulio, mshindo, moshi, risasi kwenda kombo, nikamwambia kaniuzia takataka na mamangu anakufa. Watu wawili waliokuwa wakinunua ndoana wakatoka nje polepole. Lewis alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akakunja mtutu, akanusa.

"Bwana Zein, umetia nini humu?"

"Mafuta. Si chuma?"

"Mafuta gani?"

"Ya nazi."

Lewis akauma mdomo wa chini. Namshukuru hakucheka, maana siku ile ningelala korokoroni. Akanieleza taratibu kwamba bunduki hii hubana hewa ndani, na hewa ikibanwa kwa ghafla hupata moto. Mafuta yakiwa humo yanawaka, ndiyo maana bunduki yalia na kutoa moshi, na risasi ikawa haina njia moja. Nje nipake nitakavyo, lakini ndani nisitie kitu. Akaifungua yote, akaisafisha, akalegeza kifyatulio kidogo, akaipiga mara tatu kwenye kopo nyuma ya duka. Tip, tip, tip. Zote shimo moja. Kuhusu mkwaruzo alinipa pole, akasema ulitoka nao kiwandani. Nikamwomba radhi. Akasema, "Hapana neno. Nipe habari ya mama."

Sasa nilikuwa na bunduki nzima, inayopiga inapolengwa. Nikasema leo ndiyo leo. Nikasimama ngazini nikapaza sauti, nikangoja, nikatoa kichwa.

Hapana kunguru.

Walikuwa mbali, juu ya minazi ya kule mwisho wa mtaa, wananitazama. Nikajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa mpaka magharibi. Hakuja hata mmoja. Nikashuka, nikaiacha bunduki, nikapanda mikono mitupu kuchukua stuli niliyokalia, wanawake wangali wamejisitiri kwa wito wangu: wako! Wamejaa kikutani, wanadonoa makombo ya Bayan. Nikarudi na bunduki: hawako! Siku nne nikahangaika hivyo. Nikaifunika na leso, wakaijua. Kila nikipaza sauti yangu ngazini, ndio wasikia kama adhana yao ya kukimbia. Na kutopaza sauti siwezi. Nitapandaje kimya, nimkute Bi Ketty kichwa wazi? Bora kunguru wanile mimi.

Siku ya nne nikaitupa bunduki juu ya mkeka. "Hasara tupu!" nikafoka. "Mbovu yalia, nzima hailii, na kunguru wote wazima wa afya! Kesho namrudishia Lewis gongo lake!"

Bayan alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Baba Akil, wataka kunguru wafe, au wataka mama apande?"

"Si ni mamoja?"

"Si mamoja. Wewe ukiwa nayo kule juu, kunguru hawaji. Kwani lazima uwe nayo wewe?"

Nikamkodolea macho. Nikaiokota bunduki.

Kibali kina jina langu, na sikutaka mchezo na sheria. Kwa hiyo nilizitoa risasi zote nikazitia mfukoni mwangu, nikahakikisha mtutu ni mtupu, nikamwambia Bayan mimi nitakaa ngazini, kidato cha chini ya mlango, ili bunduki isiwe mbali na mwenyewe. Kisha tukaingia chumbani kwa mamangu.

"Sipandi," akasema kabla hatujafungua mdomo.

Bayan akamlazia bunduki mapajani. "Utakuwa nayo hii, mama."

Mamangu akaitazama. Mkono wake wa kulia ukaipapasa, ukafika kwenye ule mkwaruzo, ukasimama. "Amekuuzia yenye mkwaruzo," akaniambia.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukakubali."

"Ndiyo, mama."

Akavuta pumzi. "Mtu mzima na ndevu zake. Haya, nishikeni."

Bayan na Bi Ketty wakamchukua, kidato kwa kidato, akilalamika tangu chini mpaka juu. Walipofika mlangoni nikasikia kilio chake kidogo, "La, la, wako pale, nirudisheni." Moyo ukanipasuka. Nilitaka kupanda, sikuweza, nikakaa nimeshika kichwa.

Kisha Bayan akasema, "Iinue, mama. Iinue tu."

Halafu mabawa, mabawa mengi kwa pamoja, na makelele ya kunguru yakienda mbali, mbali, mpaka yakaisha.

Halafu mamangu akacheka. Kicheko cha kukwaruza, cha mtu aliyesahau njia yake, kikakatika, kikaanza upya, na wale wengine wakacheka naye. Sikuwa nimekisikia tangu Ramadhani. Nikasikia dari za jirani zikiitikia, mmoja akimpa masalkheri, mwingine akimuuliza alikuwa wapi siku zote, naye akimjibu kila mmoja, na akimkosoa mmoja kwa namna alivyoanika shuka zake.

Baadaye Bi Ketty akamuuliza, "Bi Afaf, kwani yapiga kweli hii?"

"Haipigi," mamangu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Makadara. "Ni ya mwanangu. Mwenyewe hajui kupiga hata ukuta."

Mtu mwingine yeyote angeyasema maneno hayo, ningempandia juu bila hodi. Nilikaa pale ngazini, risasi zangu mfukoni, nikalia mpaka kanzu ikalowa kifuani.