Mahindi ya Asubuhi na Mahindi ya Saa Sita

Mimi Emérence siwapendi watu wanaobishana juu ya kitu kilichosimama palepale. Mbuzi anakimbia, naweza kukubali kwamba hamkumwona vizuri. Lakini shamba la mahindi? Shamba haliendi sokoni. Ndiyo maana ugomvi wa Evode na mke wake Léontine, hapa kwetu Ngungu, ulinichukiza tangu siku ya kwanza.

Mvua iliacha mapema mwaka huu, mwezi wa tano haujaisha. Léontine huenda shambani alfajiri, na saa tatu amekwisha kurudi kupika. Evode hupita shambani saa sita, akimrudisha ng'ombe wake kutoka mtoni. Siku hiyo aliingia nyumbani kwa makelele, kama kawaida yake ya saa sita, akasema mahindi yote yamekufa, na Jumamosi atayafyeka ampe ng'ombe kabla hayajawa kuni. Léontine akacheka. Asubuhi ileile aliyaacha mabichi, majani wazi. Evode akasema mwenye macho haambiwi tazama. Léontine akajibu kwamba macho anayo, ila yanatazama ng'ombe tu.

Kicheko kikaishia hapo, kwa sababu mahindi yale ndiyo yangewalisha watoto wao watano, kuanzia Umuhoza mkubwa, mpaka maharagwe ya mwezi wa kumi na mbili. Evode alinoa panga, kisha akaenda kunywa kasiksi, pombe yake ya ndizi ya kila jioni. Léontine akaja kushtaki kwenye shirika letu la sala.

Shirika lina komisyo ya familia, na mimi ni sekretere wake. Tuliamua kwenda kuona, na akili tukaziacha nyumbani. Sisi akina mama tulikwenda na Léontine alfajiri. Akina baba, ambao kabla ya saa tano huwapati hata kwa kengele, walikwenda na Evode saa sita. Kila upande ukaandika ripoti. Yetu ilisema mahindi yana afya na furaha. Yao ilisema marehemu mahindi yamejikunja kama sigara, Mungu ayapokee.

Papa Marcellin, mkubwa wa komisyo, alizisoma zote mbili na miwani, halafu bila miwani. Akauliza kama Evode ana shamba moja au mawili. Akina baba walisema Léontine alitupikia mihogo ili tuone vizuri. Mimi nilisema Evode angemwoa ng'ombe kama padri angekubali. Mwishowe Marcellin akaamua kwamba Jumamosi pande zote mbili zitakaa shambani tangu alfajiri hadi jioni, na atakayeondoka ameshindwa.

Evode alikuja na panga na ng'ombe, akamfunga karibu. Alfajiri majani yalikuwa wazi, mapana. Niliimba kidogo tu. Saa nne, jani lililokuwa karibu na goti langu likaanza kukunja kingo zake polepole. Nakiri, nililishika nikalinyoosha. Likajikunja tena. Nikanyoosha na jirani yake. Saa sita shamba zima lilikuwa vijiti, na akina baba nao wakaimba kidogo. Evode akainuka na panga.

"Siku bado kuisha," Léontine akasema, akasimama mbele ya mstari wa kwanza.

Marcellin akachimba kwenye shina moja. Juu udongo ulikuwa vumbi, lakini mizizi ilikuwa imeshuka chini sana, penye ubaridi. Akasema kuna agronome, mtaalamu wa kilimo, aliyemfundisha zamani: mizizi ikisikia udongo unakauka hutuma habari juu, majani yanafunga vitundu yanavyopumulia na kujikunja, ili jua lisinyonye maji yaliyobaki. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo. Akasema hakuna aliyemuuliza, tulimletea ripoti tu.

Jua lilipojificha nyuma ya kilima, majani yakafunguka, moja, halafu mengine, halafu yote. Hakuna aliyeimba. Ng'ombe alikuwa ametumia nafasi hiyo kula ripoti zote mbili, ambazo Marcellin alikuja nazo.

"Kumbe haikufa," Evode akasema. "Ilikuwa inakimbia jua."

Léontine akamtazama.

"Papa Umuhoza, saa sita ukiingiaka na makelele, miye ninanyamaza. Unaambiaka bantu kama mapendo yangu ilikufa. Jioni hauyakuwa nyumbani ata siku moja ya kuangalia."

Tukageuka sote kutazama ng'ombe, maana hatukujua tutazame wapi. Evode akaweka panga chini.

Sasa anarudi nyumbani kila jioni. Anakaa karibu na jiko, anamtazama mke wake kimya, kama anangoja jani lifunguke. Léontine analalamika kwamba inamchosha. Lakini juzi nilipita kuomba chumvi, na kabla sijafika mlangoni nilimsikia akicheka.