Njia ya Kwenda kwa Kingori

Mtu wa Nyeri huwezi kumwambia atafute jina jipya. Mwana wa kwanza anapewa jina la babu yake mzaa baba, na hapo ubishi umekwisha. Ndiyo maana Mzee Kingori alikuwa mwana wa Mutahi, akamzaa Mutahi, na huyo Mutahi wa pili, kabla ya kufariki, akamwachia mkewe Wacera mtoto mmoja tu: Kingori.

Kagure, mjukuu wa Mzee kwa binti yake, alikuwa na chumba cha kazi mjini, akitengeneza tovuti. Ya familia aliipanga kurasa ndani ya kurasa. Ukibonyeza jina la baba, ukurasa wake unabaki juu, wa mwana unafunguka chini yake, na ndani ya huo wa mwana zinafunguka picha na matangazo. Kila ukurasa ulikuwa na njia yake, yaani anwani ya kuufikia, na njia zikawa ndefu mno. Akazifupisha vile tunavyotajana: jina la baba, jina la mwana, basi. Yeye mwenyewe mtoto wa nyumba hiyo, na hakuona kwamba babu na mjukuu amewapa njia moja!

Mzee alipofariki, Kagure akaweka tangazo la msiba. Wacera alikuwa Kianyaga akimuuguza mama yake. Alifungua simu akakuta juu jina la marehemu mumewe, chini picha ya mwanawe akicheka na kofia, na chini ya picha: Kingori wa Mutahi ametutoka. Alianguka palepale katikati ya majani chai aliyokuwa akichuma. Alizinduka akisikia sauti ya kijana mwenyewe kwenye simu, kutoka Doldol alikoenda kununua mifugo.

"Mum, ni Guka ameenda, ni babu. Mimi niko huku na ng'ombe zangu."

Kagure aliomba msamaha huku analia. Kisha akampa kila mtu nambari, njia zikapita kwenye nambari badala ya majina. Wazee walinung'unika kwamba mtu si ng'ombe apigwe chapa. Wacera alishukuru, ila woga haukumtoka. Kila siku alifungua ukurasa wa mwanawe kuhakikisha kwamba chini ya picha hakuna kitu.

Mwezi wa Agosti lori la ng'ombe lilipinduka kwenye barabara ya Doldol, kijana akiwa ndani. Mjomba Kihara, mdogo wa marehemu Mutahi, alimpigia Wacera simu, Wacera akamkatia kabla hajamaliza. Familia ikamwagiza Kagure aweke tangazo, naye akaliweka.

Asubuhi yake Wacera akaingia chumbani kwa Kagure, simu mkononi, anatabasamu kabisa.

"Kagure, hii kitu yako imeharibika tena. Imeweka watu mahali si pao."

"Anti, si Mjomba Kihara alikupigia?"

"Kihara naye ati anasoma wapi? Si ni hapo tu kwa simu? Wewe angalia."

Sijawahi kuona fundi anayeomba kukuta kosa kwenye kazi yake. Siku hiyo Kagure aliomba. Alipitia njia moja moja, akimsihi Mungu amwonyeshe nambari mbili zinazofanana, herufi iliyoruka, chochote kile. Alifungua ya Mzee, ikampeleka kwa Mzee. Alifungua ya kijana: juu Mutahi, chini Kingori na kofia yake, chini msiba. Akaifunga, akaifungua tena. Aliichukia kazi yake kwa kuwa safi.

"Iko sawa, Anti," alisema mwishowe. "Nimeangalia yote."

Wacera aliitazama skrini muda mrefu, na tabasamu likamtoka polepole. Akaketi sakafuni, mama mtu mzima, akamshika Kagure magoti.

"Basi rudisha ile makosa," alisema. "Tafadhali, mtoto wangu. Rudisha vile ilikuwa."