Mkono wa Nduwayezu

Saa mbili na nusu asubuhi Josephina alifuta vumbi kwenye kamera, akainua ngumi mbele yake, na mashine ya kusaga ikawaka. Ngumi iliwasha, kiganja kilichofunguliwa kilizima. Stanislaus, mwenye mashine, aliagiza kifaa hicho kutoka Dar es Salaam baada ya Nduwayezu, aliyeifanya kazi hiyo kabla ya Josephina, kuvutwa na mkanda akafa. Mkanda wenyewe uliendelea kuzunguka bila kifuniko, kama zamani.

Kwenye skrini ndogo ukutani, kamera ilizungushia mstari wa kijani kila mkono iliouona. Ilipotimu saa nne ikazungushia mikono mitatu. Miwili ilikuwa ya Josephina. Wa tatu ulikuwa karibu na mkanda, mahali pasipo na mtu, kiganja wazi, kidole cha shahada hakina pingili ya juu. Mashine ikazima.

"Ni Nduwayezu," alisema mama mmoja kwenye foleni, akisogeza beseni lake la makopa ya muhogo. "Mwakeye, Nduwayezu," akauamkia.

Mkono ulikaa juu kama dakika moja, kisha ukashuka. Josephina akainua ngumi, wakaendelea na muhogo.

Ikawa hivyo kila siku, saa ile ile. Wateja walizoea, wakautumia muda huo kuchekecha unga wao. Josephina naye hakulalamika, ila kiganja chake cha kulia kilibaki cha baridi mpaka jioni, hata akishika kikombe cha chai.

Jumatano moja alikuja Aneth, mjane wa Nduwayezu. Tangu msiba alikuwa akisaga ng'ambo ya bonde, lakini mashine ya huko ilikuwa imeharibika. Nyumbani alikuwa na nakala ya taarifa iliyosema marehemu alipeleka mkono kwenye mkanda kwa uzembe, bila kutoa ishara ya kuzima. Aliyeiandika ni Stanislaus, ambaye siku ile ndiye aliyekuwa kwenye swichi.

Saa nne mkono ukainuka. Aneth aliutazama kwenye skrini mpaka uliposhuka.

"Kidole kile alijikata na panga, tukifyeka shamba la maharage," alisema. Kisha akamgeukia Stanislaus aliyekuwa mlangoni. "Alinyoosha mkono."

"Kamera hukosea, mama."

"Alinyoosha. Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa naongea na simu," Stanislaus akajibu, kama mtu aliyeulizwa habari za mvua. Akaongeza kwamba taarifa ilishapelekwa, na taarifa ikishapelekwa hairudi.

Kesho yake fundi wa kamera, Saady, aliyeitwa na Stanislaus, alifika kwa bodaboda na kompyuta yake mgongoni.

"Tutaifundisha kamera isiutambue mkono huo," alisema. "Ila lazima kwanza niupige picha za kutosha."

Saa nne akaupiga picha. Aliuomba ugeuke kushoto kidogo, ukageuka. Aliuomba utanue vidole, ukatanua. Akaushukuru, akafunga kompyuta.

Ijumaa mashine haikuzima. Skrini ilionyesha mikono miwili tu. Lakini unga uliokuwa ukiruka hewani ulitua juu ya mkono wa tatu, ukaufanya mweupe, na sasa kila mtu aliuona kwa macho yake, umesimama kando ya mkanda. Haukushuka tena. Stanislaus aliwaambia wateja wapange foleni upande wa pili wasije wakaugonga, nao wakahamia upande wa pili.

Aneth alirudi Jumamosi. Hakuwa na muhogo. Alipita mbele ya foleni, akaushika mkono ule kwenye kifundo, akaanza kuufuta unga kwa pindo la kitenge chake, kidole kimoja baada ya kingine. Mkanda ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kiwiko cha Aneth. Josephina akafungua kiganja mbele ya kamera, mashine ikanyamaza.

"Foleni ndefu, Josephina," Stanislaus alisema.

Josephina alitazama foleni. Kweli ilikuwa ndefu. Akainua ngumi.

Aneth alikuwa bado kwenye kidole gumba.