Imefika au Itafika

Dada yangu alionekana na nchi nzima kila siku saa kumi alasiri, na hakuna aliyemtazama. Alikuwa ndani ya kile kiduara cha pembeni ya skrini, chini mkono wa kulia, akitafsiri taarifa ya Waziri wa Afya kwa lugha ya alama. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya Waziri. Ilikuwa ile miezi ya ugonjwa wa kifua, shule zimefungwa, na watu wanasalimiana kwa viwiko kama wamegombana.

Sisi tumezaliwa na mama kiziwi, fundi cherehani, kwa hiyo tuliongea kwa mikono kabla ya kuongea kwa mdomo. Dada akaifanya kuwa kazi. Mimi nikaenda kutengeneza majokofu. Mama alimtazama dada kwenye televisheni jinsi fundi anavyotazama pindo lililoshonwa na fundi mwingine. "Kidole cha mwisho kimelala," alikuwa akiniambia. "Anaongea kama mtu aliyekunywa." Dada akifika nyumbani anakuta orodha ya makosa yake inamsubiri.

Lakini shida haikuwa vidole, ilikuwa hotuba. Waziri mwenyewe hakuwa mtu mbaya: zamani alikuwa daktari, ana sauti nzuri, na huwasalimia hata walinzi. Hotuba zake ziliandikwa na Katibu, bwana mmoja mwembamba wa pale wizarani aliyekuwa na kipaji cha kujaza ukurasa mzima bila jambo lolote kutokea ndani yake. Mchakato ulikuwa unaendelea. Hatua stahiki zilikuwa zinachukuliwa, haijulikani na nani. Masikioni maneno hayo hupita vizuri tu. Mikononi hayapiti. Kwa mikono, jambo lililokwisha unalitupa nyuma ya bega, jambo lijalo unalisukuma mbele. Lazima liwe mahali.

Jumanne moja Waziri alisoma: "Mitungi ya oksijeni imeshaanza kufikishwa katika hospitali zote za wilaya." Dada alikuwa na nusu sekunde ya kuamua. Akaitupa nyuma ya bega. Imefika.

Mama alikuwa na mwenzake katika chumba cha kushonea, kiziwi pia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo kwa sababu kushona vifungo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mume wake, fundi viatu, alikuwa anahema kwa shida tangu Jumapili. Walikuwa wamepanga kumpeleka hospitali ya mkoa, safari ya saa tatu. Baada ya taarifa ile wakabadili mpango. Kama mitungi imefika wilayani, ya nini kumtesa mgonjwa njiani? Wilayani walikuta kitanda, shuka safi, na nesi aliyewaandikia kwenye karatasi kwamba mitungi bado. Alifariki Jumatano saa nne asubuhi, gari la kumpeleka mkoani likiwa bado linatafutiwa dereva.

Dada alikwenda kutoa pole. Mama Vifungo akainua mikono.

"Ulisema imefika."

"Ni Waziri aliyesema, mama mdogo."

"Waziri simsikii. Nakuona wewe."

Dada aliinuka. Alipanga viti, akaosha vyombo, akarudi nyumbani. Siku hiyo Mama hakuwa na orodha.

Alhamisi, kwenye ukurasa wa pili, Waziri alisoma kwamba mitungi inaendelea kufikishwa. Dada, aliyesimama hatua chache nyuma yake, akashusha mikono yote miwili. Kisha akanyoosha mmoja, kama mwanafunzi darasani.

"Samahani, mheshimiwa. Imefika au itafika?"

Waziri akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona. "Unasema?"

"Mitungi. Kwa mikono siwezi kusema inaendelea kufikishwa. Naomba kujua niiweke nyuma au mbele."

"Iweke kama nilivyosema."

"Kama ulivyosema, haina mahali pa kukaa, mheshimiwa."

Waandishi wa habari, ishirini na kitu, ambao kwa miezi minne walikuwa wakiandika "inaendelea" bila kuumia, waliinua vichwa. Waziri akaisoma tena karatasi yake. Akaigeuza, upande wa pili ulikuwa mweupe. Akamtazama Katibu, naye Katibu akatazama viatu vyake.

"Itafika," alisema Waziri.

"Asante," alisema dada, akaisukuma mbele, mikono ikanyooka hadi mwisho, jinsi tunavyolisema jambo lililo mbali.

Kuanzia hapo nchi ikapata la kuzungumza. Bungeni, mbunge wa upinzani alisema mkalimani ameuliza swali lililoishinda kamati nzima ya afya. Mbunge wa chama tawala akasimama kuomba utaratibu, akasema kiduara hakina mamlaka ya kumhoji Waziri. Spika akaahirisha kikao ili itafutwe kanuni inayohusu viduara. Redioni walimwita mwalimu wa sarufi wa chuo kikuu, akaeleza kwa dakika arobaini kwamba "imeshaanza kufikishwa" ni Kiswahili sanifu. Alipoulizwa kama mitungi ipo, akasema hilo liko nje ya taaluma yake. Msemaji wa serikali yeye alisema lugha ya alama ina upungufu wake. Hilo Mama alilisoma gazetini. Akalikata kwa mkasi wake wa kitambaa, ambao tangu nizaliwe haujawahi kuruhusiwa kugusa karatasi, ndipo nikajua amekasirika.

Mimi yalinifikia kazini, kichwa kikiwa ndani ya majokofu ya watu.

"Dada yako katumwa," aliniambia mwenye bucha.

"Na nani?"

"Hao hao."

Mteja mmoja akasema serikali iachwe ifanye kazi, hii ni vita, na katikati ya vita hakuulizwi maswali. Mwenzake akamuuliza tunapigana na nani, mbona wanaokufa ni wa upande wetu tu? Wakanigeukia mimi nitoe maoni. Nikasema gesi imeisha. Nilimaanisha jokofu. Wao walidhani ni fumbo, wakatikisa vichwa, na tangu siku hiyo naheshimika pale buchani.

Jumatatu dada alipewa barua. Alikuwa "amepumzishwa kwa manufaa ya kazi". Ndani ya kiduara wakaweka nembo ya wizara, ambayo haina mikono.

Ndipo Mama na viziwi wenzake kumi na mmoja, Mama Vifungo akiwamo, wakaenda wizarani. Nilitaka kuwasindikiza, wakanikatalia, kwa hiyo haya nimeyapata kwa Mama na kwa dada. Walikaa kwenye mabenchi ya mapokezi tangu saa mbili asubuhi. Mpokezi akawaambia waondoke, hawakusikia. Akawaandikia kwamba wakubwa wako kikaoni. Wakamwandikia kwamba watasubiri. Saa sita Katibu akashuka mwenyewe. Akaongea, akapandisha sauti, akaipandisha tena, kisha akauliza kama wizara nzima haina mkalimani. Akaambiwa yupo mmoja, amepumzishwa. Ikabidi apigiwe simu.

Dada akafika, akasimama katikati.

"Waulize wanataka nini," alisema Katibu.

Mama akajibu. Dada akatafsiri, uso mkavu. "Wanataka mkalimani arudishwe. Wanasema kidole chake cha mwisho kinalala, lakini wakimtazama wanaelewa."

"Huyu mama anayeongea unamfahamu?"

"Ni mama yangu."

"Basi una maslahi katika jambo hili."

"Ninayo. Mtafute mkalimani mwingine, mimi nitasubiri nje."

Katibu akalifikiria hilo kwa muda. Akiwa bado anafikiri, Mama Vifungo akasimama, akasema maneno machache. Dada alichelewa kutafsiri.

"Amesema nini?"

"Anasema mume wake alikwenda hospitali ya wilaya kwa ajili ya sentensi yako, akafia huko. Anauliza uliiandika ukijua au hujui."

Katibu aliwaangalia wale watu kumi na wawili mmoja mmoja, kama anayehesabu viti, kisha akapanda ngazi. Hakupandisha sauti tena siku ile.

Kesho yake dada alirudishwa, kwa sharti kwamba asiulize kitu hewani. Hotuba angepewa saa nne asubuhi, na kama ana swali aliandike pembeni kwa penseli. Wizara iliona imemziba mdomo. Dada akaandika: Nani? Lini? Wapi? Mingapi? Katibu akawa anafuta kila sentensi aliyoshindwa kuijibia, nazo zilikuwa nyingi. Taarifa ya dakika arobaini ikawa ya dakika tisa. Watu wakaanza kumsikiliza Waziri mpaka mwisho, kwa kuwa mwisho ulikuwa karibu.

Siku ya kumi Waziri aliweka karatasi chini. "Mitungi mia mbili haijafika," alisema. "Itafika Jumamosi. Tulichelewa kuagiza." Akatazama kamera. "Nilichelewa mimi."

Dada anasema hajawahi kutafsiri maneno mepesi kama yale.

Mitungi ilifika Jumamosi, kweli. Waziri aliondolewa Jumatatu. Waliomtetea alipokuwa hasemi kitu walisema amelidhalilisha taifa. Waliodai aseme walisema sasa amekiri, aende. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo bunge lilikubaliana tangu ugonjwa uanze. Waziri mpya ana sauti nzuri zaidi.

Yule wa zamani alikuja mtaani kwetu wiki mbili baadaye, kwa miguu, peke yake, barakoa imefika karibu na macho. Aliniuliza nyumba ya fundi viatu aliyefia wilayani. Nikamwonyesha, nikamfuata kwa mbali.

Mama Vifungo alikuwa kibarazani na shati la mtu mapajani. Mheshimiwa akasimama mbele yake, akainua mikono. Alijifunza wapi sijui, dada anakana. Alikusudia kusema "nilichelewa". Kwa jinsi alivyoukunja mkono, alichosema ni kwamba saa yake inauma.

Mama Vifungo alichomeka sindano kwenye shati. Kisha akamjibu, na alimjibu kwa muda mrefu: kuhusu karatasi ya nesi, kuhusu lile gari lisilo na dereva, kuhusu viatu vilivyojaa ndani ambavyo wenyewe wanaona aibu kuja kuvichukua. Mheshimiwa hakuelewa hata neno moja, na hakuondoa macho. Mimi ningeweza kutafsiri. Hakuna aliyeniomba.

Mama Vifungo alipomaliza, alichukua sindano yake, akaendelea na kifungo cha tatu. Mheshimiwa alibaki amesimama pale mpaka cha nne, ndipo akaondoka.