Jina la Amran, Mkono wa Kowsar

Mama mwenye binti kambini, sikia haya kabla hujaazima kitu.

Maka ndiye aliyeazima kitambulisho. Alitoka Dadaab mpaka Garissa kwa dada yake, akamwomba mpwa wake Amran, aliyezaliwa Mkenya, ampe Kowsar. Kowsar, binti wa Maka, alikuwa na karatasi ya ukimbizi tu, na shamba moja kando ya Tana lilitaka mwenye kitambulisho.

"Chukua, habaryar," Amran akamwambia mama yake mdogo. "Sura zetu moja, nani atauliza?"

Ndugu kwa ndugu hawanyimani. Miezi minne Kowsar akaitikia jina la Amran. Kisha mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe ikamla vidole vinne vya mkono wa kulia.

Sasa Maka alikuwa mbele ya afisa wa kazi, Kowsar ubavuni, bandeji imelowa. Yarow, msimamizi wa shamba, aliitwa naye akaja.

"Daftari langu lina Amran," Yarow akasema. "Huyu simjui. Labda alikuwa akikata kitunguu."

"Wewe Yarow, mwogope Mungu! Si wewe uliyemfunga kitambaa?"

"Kitambaa gani, mama?"

Afisa akawanyamazisha. "Mama, hata mkimbizi akiumia kazini ana haki yake. Nisaidie niandike. Kitambulisho kilikuwa cha nani, na nani alikitoa?"

Maka akafungua kinywa. Akilini akamwona Amran kwenye gari la polisi, Amran ambaye Maka alimnyonyesha kwa ziwa lake mwenyewe dada yake alipougua. Akafumba kinywa. Akainamisha kichwa.

"Sikufanya kazi pale," Kowsar akasema. "Niliumia kambini."

"Binti, una hakika? Nikifunga faili hii, nimefunga."

"Walahi, niliumia kambini."

Afisa akamtazama sana, kisha akaifunga. Yarow alitoka akicheka na simu yake.

Nje, juani, mtandio wa Kowsar ulianguka. Alijaribu kuufunga kwa mkono mmoja, ukamshinda. Maka akamfungia, machozi yanamdondokea mtoto begani.

"Mbona ulisema vile, mwanangu? Mkono ni wako!"

"Hooyo, uliulizwa wewe kwanza," Kowsar akasema polepole. "Ulivyonyamaza, nikajua unamtaka nani apone."